Wifi Mwanakhamis na Mtoto Asiye na Lugha

Wifi yangu Mwanakhamis hakuweza kumsikia mtu akisema Kiswahili bila kumrekebisha. Ukimwambia uko na njaa, atakwambia kwanza useme una njaa, ndipo akupakulie. Aliwahi kumrekebisha shekhe mgeni katikati ya mawaidha, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, na wanawake wote tuliokuwa nyuma ya pazia tukasikia. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia Majengo, na Kiswahili changu sijawahi kukionea haya, lakini kila nilipokwenda kwake Sparkhill, hapa Birmingham, nilitoka na makosa yangu mkononi kama mwanafunzi. Mwanzoni nilicheka. Kucheka kuliniisha mwaka wa 2006, na nikisema kuliniisha namaanisha nilifika mahali sikutaka hata kumwona.

Sitaki mtu adhani alizaliwa mbaya. Alizaliwa mtaa wa Malindi, Unguja, binti wa karani wa bandarini, akasomea ualimu na kufundisha Kiswahili shule ya wasichana. Wanafunzi wake walimwogopa na kumpenda. Kakangu Rashad alipomposa na kumleta Birmingham, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuja na sanduku moja la nguo na jingine la vitabu. Rashad alikuwa akifanya kazi kiwanda cha magari cha Longbridge. Alikuwa mpole, hakupenda makelele, na alimwona mkewe ni msomi kuliko ukoo wetu mzima.

Halafu akapelekwa kujifunza Kiingereza. Binti mmoja wa Kizungu, mdogo kwake kwa miaka mingi, alimweka kwenye kiti akamwonyesha picha ya tufaha, kisha ya basi, kisha ya kijiko, amwambie ni nini. Mwanakhamis Kiingereza cha vitabu alikuwa nacho, ila cha mdomoni kilimkwama, na yule binti alikuwa akimwangalia muda wote akitabasamu. Akawekwa darasa moja na watu ambao hawajawahi kushika kalamu. Alirudi nyumbani akilia kwa hasira. "Miye, wifi! Miye niliyekuwa nikisahihisha insha za watoto wa watu, naonyeshwa picha ya tufaha!" Nililia naye, nakumbuka, na tuliwatukana Wazungu mpaka chai ikapoa.

Baada ya hapo alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na usiku, mikono inanuka dawa, alijifunza Kiingereza kwa hasira ile ile. Alikipata. Ofisi moja iliyokuwa ikipeleka wasaidizi wa lugha mashuleni ikamchukua, akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na siku hiyo Rashad alitupikia pilau mwenyewe. Kile kitambulisho hakukivua hata akienda sokoni kununua bamia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto mgeni akiingia shule, wanauliza kwao wanasema lugha gani. Kama si Kiingereza, anakaa na mwalimu, anapimwa Kiingereza chake, na wengi wanatoka hapo na sifuri, jambo ambalo si ajabu. Linabaki swali: mtoto huyu amekosa Kiingereza tu, au ana upungufu wa akili? Ndipo wanamwita mtu wa lugha yake akae naye, wazungumze. Mtoto akiweza kueleza mambo kwa lugha ya kwao, basi ni mwanafunzi wa Kiingereza kama wengine, apewe muda na msaada. Akishindwa hata kwa lugha ya kwao, anaanza kusukumwa upande wa shule maalumu. Mimi nasema ni mpango mzuri. Tatizo ni kwamba uzito wote unamwangukia yule mtu mmoja anayekaa na mtoto kwenye vile viti vifupi. Kwa Kiswahili, upande wetu wa jiji, mtu huyo alikuwa wifi yangu.

Sasa, watoto waliokuwa wakiletwa kwake hawakuwa watoto wa Malindi. Miaka ile waliingia Wakongo wengi, watu wa Bukavu, Uvira, Lubumbashi, na Kiswahili chao kina mwendo wake, kina Kifaransa ndani yake, na watu wanakisema wakafunga ndoa nacho, wakazikana nacho. Ukikaa nao wiki moja masikio yanazoea. Mwanakhamis alikisikia akakunja pua, kama mtu aliyepewa glasi ya maji yenye nywele.

Jumapili moja tulikuwa kwake chakula cha mchana, wanawake watano sita wa Unguja na mimi, Rashad amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliopita naye akawa anaendesha teksi. Watoto wao wawili walikuwa juu wanatazama televisheni. Mama yao aliwaita kwa Kiswahili safi cha kusomea taarifa ya habari, nao wakajibu kwa Kiingereza, "In a minute!", na hao hakuwarekebisha. Hilo nilikuwa nimeshalizoea pia. Wote wawili wamezaliwa hapa, na hakuna hata mmoja anayeweza kuomba chumvi kwa lugha ya mama yake.

Tukiwa tunakula, akaanza kusimulia. "Juzi nimeletewa mtoto wa Kikongo, msichana, yuapata miaka tisa. Lo, wenzangu! Nimemwonyesha picha ya watoto ufukweni, nikamwambia nieleze unaona nini. Ati, 'batoto banacheza ku mayi'!" Akaigiza kwa sauti nyembamba, shingo ameiingiza mabegani. Meza nzima ikacheka. "Nikamwambia, 'Sema watoto wanacheza majini.' Akarudia vile vile. Nikamwambia, 'La, sikiliza: wa-to-to.' Akanyamaza. Nikamtolea picha nyengine, akafungua mdomo, nikamrekebisha, akaufunga. Mwisho hakuufungua tena. Ananitazama tu."

"Sasa shule umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Nimewaambia ukweli. Kiingereza hana, Kiswahili hana. Huyo mtoto hana lugha."

"Lakini alivyosema, ulimwelewa?"

"Kuelewa nilimwelewa, wifi, mimi si kiziwi. Lakini kile si Kiswahili. Zile ni takataka."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nililirudisha sahanini, nikaona mafuta ya pilau yanang'aa vidoleni mwangu na sikutaka hata kuviramba. Nikamtazama mwanamke aliyelia kwa sababu ya picha ya tufaha, sasa anacheka kwa sababu ya picha ya ufukwe, na wenzake wanafuta machozi ya kicheko kwa pembe za mitandio. Nilisema kwamba mtoto wa miaka tisa si wa kuchekwa mezani. Rashad akauliza kama kuna mtu ameangalia mechi ya jana.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza katika duka la vitambaa Ladypool Road, Balsall Heath, katikati ya mikahawa ya balti, ule mchuzi wa Kipakistani. Duka la Raksha, Mhindi wa Kisumu, mtu mkali wa maneno na mwepesi wa kusamehe. Chumba cha nyuma alishona mwanamke wa Bukavu tuliyemwita Mama Nsimire kwa jina la bintiye. Alipitia Burundi, kambini, na mumewe hajulikani alipo. Alikuwa na mikono mizuri sana. Aliweza kuichukua blauzi ya sari iliyoharibiwa na fundi mwingine akairudishia heshima yake.

Kutwa nzima tulizungumza Kiswahili, sote watatu. Raksha akipiga kelele kutoka mbele, "Mama, hii blouse ya harusi kata hapa kidogo, customer nakuja saa nane!" na Mama Nsimire akijibu kutoka nyuma, "Nimeisha kuikata, Mama Raksha, iko hapa!" na mimi katikati nawaambia nyote mwaniumiza kichwa. Hakuna aliyewahi kumwita mkalimani. Blauzi zilishonwa na zilichukuliwa.

Asubuhi moja Mama Nsimire aliingia bila kusalimia, jambo ambalo si lake. Akakaa juu ya robota la kitambaa na koti lake mwilini.

"Mama Safiya," akaniambia, "ku masomo ya Nsimire banasema mutoto iko na kichwa ya mugonjwa. Banataka kumupeleka ku ile masomo ya batoto benye habana akili."

"Nani amesema hivyo?"

"Kuko mama moja ya Zanzibar. Alikuja kumuulizauliza. Tangu ile siku mutoto hasemi tena. Hata ku nyumba. Mi namuuliza, mama, unakula? Anatingisha kichwa tu. Mbele alikuwa anasema mpaka mi nachoka naye. Ku Bukavu alikuwa première ya classe, ya kwanza kabisa. Sasa juu ya nini banasema hana akili?"

Niliposikia "mama ya Zanzibar" nilijua ni wifi yangu. Nilimwona Nsimire machoni pangu: alikuwa akija dukani jioni baada ya shule, msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa vizuri, akikaa chini ya cherehani ya mama yake na kumsimulia mambo ya siku nzima kwa mfululizo, akiigiza walimu, mpaka Raksha anacheka bila kuelewa nusu. Kumbe kwa wiki kadhaa sasa nilikuwa sijaisikia sauti yake, nami nikadhani ni baridi. Huyo ndiye aliyechezewa shere juu ya meza ya pilau.

Na hiyo shule waliyotaka kumpeleka ilikuwa upande mwingine kabisa wa jiji. Basi dogo linapita kuwachukua watoto asubuhi na kuwarudisha jioni. Watoto wenye haja nayo wanasaidiwa sana pale, sitaki kuwasema. Lakini anayepelekwa hapo bila sababu, nani atakayemkumbuka kumrudisha? Angefundishwa kufunga vifungo vya shati, yeye aliyekuwa akimsaidia mama yake kupima viuno vya mabibi harusi.

Jioni ile ile nilikwenda Sparkhill. Sikuvua hata viatu.

"Wifi, yule mtoto wa Kikongo uliyemcheka, wamjua ni wa nani? Ni wa yule mama nifanyaye naye kazi. Walimu wataka kumpeleka shule ya wenye upungufu wa akili kwa ajili yako."

"Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya hali yake." Alikuwa akipanga vyombo, hakugeuka.

"Yule mtoto asema kama cherehani! Umemkatakata maneno mpaka amenyamaza, kisha waenda kuwaambia hana lugha. Nenda kesho ukawaambie umekosea."

Hapo akageuka. "Nikisema nimekosea, wifi, kesho wataniamini kwa lipi? Watasema huyu naye hajui kazi, arudi akafue mashuka. Wewe waijua ile kazi? Wewe hukuona niliyoyaona miye."

"Niliyaona. Ulionyeshwa tufaha ukalia."

"Enhe! Nililia kwa sababu nilikuwa na lugha yangu, kamili, na wao wakanihesabu sina. Yule mtoto anayo ipi? Hata nikimtetea, namtetea na nini?"

Alisema vile kwa utulivu, akiamini. Ndicho kilichonichefua zaidi. Angekuwa mwongo ningemtukana nikaenda zangu, lakini alikuwa amekaa akafikiri, na fikra zake zikamfikisha pale, na pale alipofika palimpendeza. Nilimwangalia kile kitambulisho shingoni, ndani ya nyumba yake mwenyewe, jikoni, nikatamani kukikata kwa mkasi wa Raksha.

Rashad alinisindikiza mpaka mlangoni. "Safiya," akasema, "mke wangu ana jina katika mji huu. Ukimwaibisha mbele ya Wazungu, usije tena kwangu."

"Kakangu, na mtoto wa watu?"

"Wana taratibu zao. Watampima tena." Akafunga mlango taratibu, kwa adabu, kama alivyofanya mambo yake yote.

Sikulala vizuri. Baba yetu amekufa, mama yetu amekufa, na katika nchi hii nzima ndugu yangu wa tumbo moja ni huyo mmoja. Lakini Mama Nsimire alikuwa ameshaniomba nimsindikize shuleni, alikokuwa ameitwa. "Twende sisi wote," aliniambia, "mi peke yangu naogopa." Raksha aliponiruhusu kutoka kazini alisema, "Enda, enda. Na sema kwa nguvu. Hawa watu nasikia tu ile ya nguvu."

Shuleni tulipokelewa na mwalimu wa mahitaji maalumu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi. Whitlock, sauti laini, sweta la maua. Alituweka kwenye chumba kidogo chenye viti vya watoto. Juu ya meza kulikuwa na biskuti, na kando ya biskuti, mbele kabisa ya kiti cha Mama Nsimire, boksi la karatasi za kufutia machozi. Walikuwa wameshapanga kwamba atalia. Sijui kwa nini lile boksi lilinikera kuliko kitu kingine chochote. Nililisogeza mbali, na Bi. Whitlock akalirudisha huku akitabasamu.

Mwanakhamis alikuwa ameshafika, amekaa upande wao wa meza. Alinipa mkono wa baridi. Yeye ndiye mkalimani. Hakukuwa na mwingine.

Bi. Whitlock akaanza. Nsimire ni mtoto mtamu, akasema, hana matata, lakini tangu aingie shule hajasema neno darasani, na msaidizi wa lugha amethibitisha kuwa hata kwa lugha ya kwao hawezi kujieleza. Kwa hiyo, kwa faida ya mtoto mwenyewe, wangependa kuanza mipango ya kumpeleka mahali panapomfaa zaidi. Alikuwa akiinamisha kichwa upande mmoja kila akisema "kwa faida yake". Wifi akatafsiri, Kiswahili chake kimenyooka, kimepigwa pasi.

Mama Nsimire akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na alisema sana. Alieleza vile mtoto alivyozaliwa, vile alivyotembea mapema, vile alivyokuwa akisoma Kifaransa huko Bukavu, vile kambini Burundi alikuwa yeye anayekwenda kuzungumza na watu wa kugawa maturubai kwa sababu mama yake aliogopa. Alieleza vile anavyomsaidia kushona. Akamaliza kwa kusema, "Mutoto yangu iko na akili kunipita mimi. Ni ile siku tu, ile siku balimuuliza, njo alifunga kinywa."

Na wifi yangu akatafsiri. Jamani! Alitafsiri yote, bila kusita, bila kuuliza hata mara moja "umesema nini?" Kambi, maturubai, Kifaransa, kushona, kutembea mapema, vyote vikatoka kwa Kiingereza kizuri, kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye "ile siku" alipunguza sauti kidogo, akasema mama anadhani mtoto aliona haya. Nilikuwa nimeng'ata ulimi mpaka ukauma. Hapo nikauachia.

"Bi. Whitlock," nikasema kwa Kiingereza changu cha duka, "huyu bibi ameelewa kila neno la mama. Na mtoto anasema kama mama yake. Sasa vipi mtoto hana lugha?"

Bi. Whitlock akamgeukia wifi yangu, bado anatabasamu, lakini kalamu ameiweka chini. "Mwanakhamis? Hilo ni swali zuri."

Sekunde ile ningeweza kumsamehe yote. Angesema tu, mtoto aliogopa, nimpime upya, ningembusu mkono mbele ya watu. Badala yake akaketi vizuri.

"Mama anasema lahaja ya huko kwao," akasema. "Mimi kwa uzoefu naifuata. Mtoto hata hiyo hana."

"Mwongo!" Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni. "Mwongo wewe, Mwanakhamis, na hapo ulipo wajua!" Mama Nsimire akanishika goti. Alikuwa haelewi Kiingereza, lakini neno lile alilielewa, akamtazama mkalimani wetu kwa muda mrefu.

Bi. Whitlock hakupenda makelele. Akasema pengine njia rahisi ni kumwita Nsimire mwenyewe azungumze na mama yake hapa hapa, sote tusikie. Moyo ukanitua. Nilijua tumeshinda. Mtoto akifungua mdomo mara moja tu, maneno mawili matatu, mambo yote yamekwisha, na kama Rashad atanifungia mlango, basi aufunge.

Aliletwa. Sare imemkaa vizuri, nywele mama yake amemsuka upya kwa ajili ya siku hiyo. Akasimama karibu na mlango. Akaniona, akatabasamu kidogo. Kisha akamwona Mwanakhamis na lile tabasamu likazimika.

Mama yake alimnyoshea mikono. "Nsimire, mama, kuya hapa. Usiogope. Ongea. Wambie vile tulikuwa tunaishi ku Bukavu. Wambie vile unanisaidiaka ku kazi. Ongea tu kama ku nyumba."

Mtoto hakusogea. Alimtazama mama yake, akamtazama mwanamke wa Unguja, akatutazama sisi wote, na uso ukamwiva kwa aibu. Sikuwahi kuona mtoto anamwonea mama yake aibu namna ile.

Halafu akasema. Kwa Kiingereza, na kwa lafudhi ya Birmingham tupu, ya kuvuta maneno puani, aliyoikusanya kimya kimya darasani wiki zote zile walizodhani hasikii.

"Mom, stop it. Don't talk like that in here. I can do English, me." Yaani mama aache kusema vile humu ndani, Kiingereza anakiweza.

Bi. Whitlock alipiga makofi. Kweli, alipiga makofi, akasimama, akasema ajabu, ajabu, sikilizeni! Kumbe mtoto alikuwa anasikiliza muda wote! Hapana, huyu si wa shule maalumu hata kidogo, huyu ni mwanafunzi wa Kiingereza anayekwenda mbio, kuanzia Jumatatu ataingia kwenye kikundi cha msaada, na mipango ile mingine aisahau kila mtu. Alimkumbatia Nsimire. Akampa biskuti. Wifi yangu naye alikuwa amesimama, anatikisa kichwa kwa furaha, anamwambia Bi. Whitlock kwamba watoto ndivyo walivyo, wana siri nyingi, na kwamba yeye mwenyewe alihisi kuna kitu mle ndani. Wakacheka pamoja. Hakuna aliyeulizwa lolote tena.

Nilipata nilichokuja kukitafuta, na nilikiona kichungu mdomoni kiasi kwamba nilitafuta pa kutema. Mtoto alikuwa ameokoka. Aliokoka kwa kuitupa lugha ya mama yake mbele ya mama yake, na mwanamke aliyemfundisha kuitupa alikuwa akipongezwa.

Mama Nsimire alikuwa bado amenyosha mikono. Aliona makofi, aliona vicheko, aliona biskuti, akawa anatabasamu na wenzake bila kujua kwa nini. Akanivuta mkono wa koti.

"Mama Safiya, mutoto anasema nini?"

Aliyelipwa kumjibu swali hilo alikuwa amempa mgongo. Nikamwambia Nsimire amesema hataki kuhama shule, amewapenda wenzake, na mwalimu amekubali abaki. Aliniamini. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akajipangusa macho kwa kiganja, akamwita mwanawe kwa jina la utoto, jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

Nsimire hakugeuka.